Shusha Kidogo, Kaka

"Kaka, ukizima maikrofoni ngapi watu bado watatusikia?"

Ndilo swali la kwanza aliloniuliza mwimbaji, hata begi la gitaa hajalitua. Nilikuwa nimeshinda ukumbini tangu asubuhi nikipanga mitambo: maikrofoni kumi na nne, spika mbili kubwa za mbele, monita nne za kuwarudishia wanamuziki sauti zao, nyaya zote zimelazwa na kubandikwa tepu ili mtu asijikwae. Dramu peke yake niliipa maikrofoni saba. Nilidhani atafurahi. Nimefanya kazi ya fundi mitambo miaka kumi na minane, na muda wote huo ombi lilikuwa moja tu: ongeza. Mpiga gitaa huomba aongezewe. Mpiga kinanda akisikia mwenzake kaongezewa, naye huomba. Mwimbaji aliyefunikwa na wote wawili huishia kupasua koo. Sikuwahi kukutana na mwanamuziki aliyetaka kujua nipunguze nini.

Nilimjibu taratibu, maana sikutaka aone naanza ubishi kabla hatujajuana. "Dada, sauti yako lazima ipite kwenye spika. Hayo mengine tunaweza kuzungumza."

"Basi tuzungumze," akasema, akavuta kiti.

Niueleze ukumbi kwanza, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana na udogo wake. Viti sabini, vimepangwa nusu duara. Jukwaa halikuwepo, palikuwa na zulia tu, na kiti cha mbele kabisa kilikuwa hatua tatu kutoka pale atakaposimama. Dari fupi, kuta tupu. Ukipiga kofi katikati, linakurudia kana kwamba kuna mtu mwingine amepiga kofi kwenye kona. Mimi ni mtu wa viwanja. Nimezoea mahali ambapo sauti ukiitupa inakwenda zake na hairudi. Pale haikuwa na pa kwenda.

Kuna kanuni moja ya kazi yetu niliyofundishwa nikiwa bado mwanagenzi, na kwa miaka mingi nilikuwa nimeiweka pembeni. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maikrofoni zilizo wazi, unapoteza karibu desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla mitambo haijaanza kupiga mluzi. Sababu yake ni nyepesi: maikrofoni haichagui. Ile uliyomwekea mpiga dramu inasikia pia besi, inasikia kinanda, inasikia spika, na yote hayo inayarudisha kwenye spika upya. Kwa hiyo maikrofoni kumi na nne ndani ya chumba kidogo ni masikio kumi na manne yanayosikilizana yenyewe kwa yenyewe, na sauti ya mwimbaji iko katikati yao inatafuta njia.

Kanuni hiyo nilikuwa naijua. Sikuifuata kwa sababu maikrofoni nyingi zilinifanya nionekane nimefanya kazi.

Tukaanza kuondoa. Dramu hazihitaji hata moja, alisema. Mtu akipiga dramu kwa fimbo na kwa nguvu, pale alipo sauti inavuka desibeli 100, na watu wawili wakizungumza kwa kawaida wako kwenye 60 hivi. Ndani ya viti sabini hakuna atakayekosa kuisikia. Besi ina amplifaya yake, inatosha. Kikabaki kinanda, fidla, gitaa lake, maikrofoni ya kiitikio mbele ya mzee wa besi, na yake mwenyewe. Njia tano. Nilizikunja nyaya nilizotoka kuzilaza, na nakiri moyo uliniuma.

Monita nazo zikaondoka, zote isipokuwa moja. Hapo nilibisha kweli. Mwanamuziki asiyejisikia hupoteza ufunguo wa wimbo na kukimbiza mdundo, hilo nimeliona mara nyingi. Hakunijibu kwa maneno. Aliwaita wenzake, akawakalisha karibu karibu kiasi kwamba upinde wa fidla ulikuwa unakaribia kugusa bega la mpiga kinanda, akawaambia waanze wimbo wowote. Walishikana palepale. Nikakumbuka hesabu ambayo pia niliijua: sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwenye jukwaa kubwa, mpiga dramu na mpiga besi wakiachana mita kumi, kila mmoja anamsikia mwenzake akiwa amechelewa karibu sehemu 30 za elfu ya sekunde, na mkono wa mwanamuziki mzuri unalihisi hilo. Ndiyo maana tunawawekea monita. Wakikaa ndani ya mita mbili, ucheleweshaji haufiki hata sehemu 6. Monita zangu zilikuwa dawa ya ugonjwa ambao pale haukuwepo.

Mpiga dramu alikuwa kijana, mikono mepesi, amekulia kwenye bendi za dansi ambako mdundo ndio unaoshikilia ukumbi. Alikuja na fimbo nene. Alipoambiwa atumie brashi, aliguna.

"Dada, sasa hapo utamu utakuwa wapi?"

"Mdogo wangu, piga kama kuna mtoto amelala chumba cha pili."

Akajaribu. Akapiga polepole, kisha akapiga polepole zaidi, na mara ya tatu nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa anasikia kitu. Akipiga kwa nguvu, dramu yake ilikuwa na sauti mbili, ya juu na ya chini. Alipoishusha, ilianza kuwa na sauti nyingi: brashi ikiburuzwa, brashi ikiguswa, ngozi ikipumua baada ya kuguswa, ukingo wa mbao, toazi likitetemeka kwa ncha. Baadaye aliniambia kwamba jioni ile ndiyo aliyochoka kuliko zote katika mwaka wake, kwa kuwa kupiga chini kunataka misuli inayojizuia muda wote.

Sasa nifike kwenye muziki wenyewe, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesikia rekodi zake. Watu hawakukubaliana ni muziki gani. Mmoja anakuambia ni blues, mwingine rumba, mwingine anasema ni nyimbo za kubembelezea watoto zilizowekewa vyombo. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa kifundi: muziki wa kuchanganya mara nyingi ni mateso kwa mtu wa mitambo. Bendi inapiga reggae ubeti wa kwanza, kiitikio inageuka roki, unakimbizana na vidhibiti, na mwishowe msikilizaji anapata vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi. Nilijiandaa kukimbizana.

Katika mazoezi walipiga wimbo ambao unaanza kama bembelezo. Mapigo kumi na mawili ya haraka, yamefungwa matatu matatu, mpiga dramu anagonga kengele ndogo kwa mkono mmoja. Ubeti wa pili ukaja, na nikagundua kwamba nipo ndani ya blues nzito, ya polepole, bila kuona tumeingia saa ngapi. Niliomba warudie. Nikasikiliza upya, sikuona. Mara ya tatu nikamwuliza mzee wa besi.

"Hakuna aliyegeuza," mzee akasema. "Blues ya polepole nayo inatembea kwa mapigo kumi na mawili yaleyale. Mimi tu ndiye niliyehamisha mguu."

Mwimbaji akadakia, akaniita karibu, akanigongea ile kengele kwenye mgongo wa gitaa. Kengele hiyo ina mapigo saba ndani ya yale kumi na mawili. Utaisikia katika ngoma nyingi za Afrika. "Sasa toa mawili," akasema, akatoa pigo la nne na la mwisho. Yakabaki matano. "Nyosha kidogo." Akanyosha. Nilisimama nimeduwaa, kwa sababu matano yale yalikuwa klave, mifupa ya son ya Kuba, ule mlio wa vijiti viwili unaoujua hata kama hujui jina lake. Na son hiyo hiyo, iliporudi Afrika ndani ya santuri, ndiyo iliyolelewa Kinshasa na Brazzaville ikawa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Vizazi vya watu waliochukuliwa kwa nguvu kuvushwa bahari waliibeba kengele vifuani, na wajukuu wa waliobaki waliipokea kupitia spika ya gramafoni na kuijua kuwa ni yao.

Kwa hiyo aliposhuka kutoka bembelezo hadi blues hadi rumba katika wimbo mmoja, hakuwa anaruka. Alikuwa anatembea ndani ya nyumba moja akifungua milango ya vyumba vyake. Na alifungua kwa kutoa: pigo hili likiondoka chumba kinabadilika, kinanda kikinyamaza tunaona dirisha. Wanaochanganya muziki kwa kulimbikiza, nadhani, wanakosea hapo. Wanaongeza gitaa la roki juu ya ngoma, na sauti ya kompyuta juu ya gitaa, na kwaya juu ya yote. Hawajauliza vitu hivyo vinashirikiana nini. Huo ni mtazamo wangu na sitamlazimisha mtu, lakini tangu siku ile masikio yangu hayawezi tena kuvumilia gundi.

Wakati wa mapumziko nilimsikia akimweleza dada wa kinanda habari za Nina Simone, mwimbaji wa Marekani. Alitaka kuwa mpiga piano wa muziki wa Ulaya wa kikale, akanyimwa nafasi katika chuo alichokitamani, na mwaka 1954 akaanza kupiga kwenye baa moja huko Atlantic City. Hakwenda kuimba. Mwenye baa ndiye aliyemwambia asipoimba kazi hana. Akaimba, lakini vidole havikumsahau Bach, mtunzi wa muziki huo wa kikale, na ndiyo maana katikati ya wimbo wa mapenzi unasikia mikono yake miwili ikifukuzana kama ilivyofundishwa darasani. "Na watu wakipiga soga," mwimbaji akasema, "alikuwa anaacha kupiga, anasubiri. Kwenye baa, dada. Anasubiri mpaka wanyamaze." Dada wa kinanda alicheka kwa mshangao. Mimi niliyachukua maneno hayo nikayaweka, sikujua yatanihusu.

Alikuwa na jambo jingine aliloliona kabla sijamwambia. Kila nikitaka kusikia vizuri, hugeuza kichwa ili sikio la kulia litangulie.

"Kaka, hilo la kushoto limechoka?"

Limechoka. Lina mlio mwembamba, kama wa mbu aliyekataa kuondoka, kwa miaka sita sasa. Ukiishi mbele ya spika kubwa unaambiwa ni kawaida ya kazi, na sisi mafundi tunaambiana hivyo pia. Hesabu yake haina siri: desibeli 85 sikio linavumilia saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha, kwamba wastani wa sauti usivuke desibeli 100 ukipimwa kwa kila dakika 15. Mimi nimekaa kwenye zaidi ya hapo usiku kucha, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na vidhibiti vilikuwa mikononi mwangu. Niliwaweka watu wengine humo pamoja nami. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko mlio wenyewe, kwa sababu wale walikuwa wamelipa waje wafurahi, wengine wamebeba watoto begani.

Hakunipa pole nyingi. Alinyanyua upande mmoja wa meza yangu ya miksa, akaniashiria ninyanyue upande wa pili, tukaitoa kwenye kona ya nyuma tukaiweka katikati ya viti, safu ya tano. "Kaa wanapokaa," akasema.

Kisha akanipa karatasi ya mpangilio wa nyimbo. Kumi na mbili, kwa mwandiko wa penseli. Pembeni ameandika maelekezo yangu. Nilihesabu: "shusha" mara kumi na moja. Na mbele ya wimbo wa mwisho, neno moja tofauti: "Hapa pandisha." Wimbo huo hawakuufanyia mazoezi mbele yangu, muda ulikuwa umekwisha na watu walikuwa mlangoni. Nilifurahi kuliona neno lile. Nikajiambia, walau mara moja usiku huu nitafanya kazi ninayoijua.

Watu walipojaa, chumba kilibadilika kama nilivyotegemea. Miili na nguo hunywa sauti, hasa zile kali za juu. Kofi lililokuwa likirudi kutoka kwenye kona mchana sasa lilizama palepale. Nilikuwa nimeacha ukali kidogo kwenye fidla makusudi, na walipokaa watu ikawa laini. Hilo nililipatia.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Nilimwangalia anavyoishughulikia maikrofoni, kwani kwa ule ujuzi peke yake ningeweza kukaa na kuandika kurasa. Maikrofoni nyingi za kuimbia zina tabia ya kunenepesha sauti za chini mdomo ukisogea karibu sana. Waimbaji wengi huing'ang'ania hapo muda wote, sauti inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi. Yeye alikuwa anakuja na kuondoka. Kwenye maneno ya siri alisogea hadi midomo inakaribia kugusa wavu, sauti ikawa na joto. Kwenye sauti ya juu alirudi nyuma kiasi cha mkono mmoja, yakatoka makali bila kuumiza. Alikuwa anafanya kwa shingo kazi ambayo mimi hulipwa kuifanya kwa vidole. Kabla umeme haujaingia katika kurekodi mwaka 1925, mwimbaji alilazimika kuimba kwa nguvu ili asikike kwenye pembe ya mashine. Kuimba kwa kunong'ona mbele ya watu wengi ni sanaa iliyozaliwa na chombo hiki, na ni wachache wanaoicheza kama chombo.

Wimbo wa nne ndio niliouharibu.

Ulikuwa juu ya mama anayezungumza na mwanawe kwa simu, mtoto yuko mbali, mama anamficha kwamba anaumwa. Ubeti wa mwisho ulishuka. Ukashuka tena. Fidla ikabaki na noti moja nyembamba, besi ikanyamaza, naye akawa anaimba kwa sauti ambayo mtu huitumia akiwa amegeukia ukuta. Mkono wangu ukasogea wenyewe. Miaka kumi na minane: mwimbaji akipotea, mwinue. Nikainua kidogo, halafu kidogo tena, na maikrofoni ikapiga mluzi.

Ulikuwa mfupi, labda sekunde mbili. Lakini katika chumba kile ulipita kama wembe. Mwanamke aliyekuwa amekaa kushoto kwangu alishika masikio. Nikashusha kwa haraka, jasho limenitoka.

Mwimbaji alirudi hatua moja nyuma. Hakunitazama. Alisubiri mlio ufe kabisa, kisha akaendelea kusubiri, sekunde kadhaa ndefu, hadi ukumbi mzima ukawa unapumua pamoja naye. Msichana wa fidla hakuiacha ile noti. Ndipo akarudia mstari uleule, chini zaidi ya mwanzo.

Na hapo niliona kitu ambacho meza ya kona ya nyuma isingenionyesha kamwe. Safu nne mbele yangu ziliinama. Migongo ikaacha viti, vichwa vikasogea mbele, hata kijana aliyekuwa ameshika simu juu kurekodi aliishusha mapajani akaisahau. Walikuwa wanakwenda kumfuata. Alikuwa ameshuka ili wamfuate. Yule mama wa kwenye wimbo hakupaswa kusikika vizuri, ilibidi atafutwe. Mimi nilipomwinua nilimletea kila mtu pale alipoketi, nikawaondolea sababu ya kuinama. Alikuwa anawavuta, nikawasukuma.

Sikugusa kidhibiti tena kwa nyimbo nne. Niliweka mikono juu ya mapaja.

Kati ya nyimbo alikuwa anatyuni gitaa upya, na huo nao ulikuwa ufundi. Hatumii mkazo mmoja wa nyuzi. Ana mikazo mitatu, na nyimbo alizipanga kwa makundi ili asibadilishe zaidi ya mara tatu usiku mzima. Njia hiyo ina historia nzuri: mwimbaji wa Kanada Joni Mitchell aliugua polio akiwa na miaka tisa, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, na badala ya kung'ang'ania vidole visivyofika, alizikaza nyuzi kwa namna zake mwenyewe mpaka vidole vichache vikatosha. Ndivyo zilivyopatikana kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ambazo wapiga gitaa hadi leo wanazihangaikia. Mwimbaji wetu alikuwa akikaza uzi huku anasimulia, wala hakuharakisha. Mzee mmoja wa safu ya pili akatumia nafasi hiyo.

"Binti, muziki huu unaitwaje?"

"Baba, wewe umesikia nini?"

Mzee akafikiri. Watu wakasubiri pamoja naye. "Nimemsikia bibi akitwanga," akasema, "halafu nikasikia redio ya kaka yangu."

Alitikisa kichwa kukubali, akagusa uzi wa mwisho, na wakaingia katika ule wimbo wa milango mitatu. Sina la kuongeza juu yake zaidi ya nililoeleza, isipokuwa kwamba mpiga dramu alipotoa yale mapigo mawili, mzee yuleyule alicheka kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani kwenye ngazi.

Nyimbo zikasogea. Ya kumi. Ya kumi na moja. Nikaanza kujiandaa. "Hapa pandisha." Niliichungulia karatasi kwa mwanga wa simu, nikavifuta vidole kwenye suruali, nikaviweka juu ya vidhibiti vyote vitano. Kichwani nilikuwa nimeshapanga: kinanda kitangulie, besi ifuate, sauti yake juu ya vyote. Spika mbili zile kubwa zilikuwa zimelala usiku kucha na nilizionea huruma.

Wimbo wa mwisho ulikuwa mstari mmoja tu, unaorudiwa. Mstari mwepesi kiasi kwamba mara ya pili watu walikuwa wameushika, na mara ya nne walikuwa wanaughuna midomo imefumba. Dada wa kinanda alitoa mikono kwenye vinanda. Msichana wa fidla akashusha upinde. Nilisubiri waanze kupanda. Badala yake walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Mpiga dramu akaziweka brashi chini akabaki na viganja juu ya magoti. Mzee wa besi alipiga noti moja, akaiacha iishe yenyewe.

Nikamtazama mwimbaji. Naye, kwa mara ya kwanza tangu ule mluzi, alikuwa ananitazama. Nikainua nyusi nikimwonyesha vidhibiti: sasa? Akatikisa kichwa kukataa. Akanyanyua kiganja, polepole, akakielekeza juu kwenye dari.

Taa. Alikuwa anasema taa.

Swichi za taa zilikuwa pembeni ya meza yangu, sikuwa nimezigusa tangu tuanze. Nikazipandisha kidogo kidogo. Ukumbi ukatoka gizani: watu sabini, wengi wamefumba macho, waliofumbua wakaanza kuonana. Mwanamke wa kushoto kwangu, yule aliyeshika masikio kwa sababu yangu, alikuwa anaghuna sauti ya pili, ya chini, hata sidhani kama alijua. Mwimbaji alikuwa ameshaiacha maikrofoni. Alisimama kati ya safu ya kwanza na ya pili, anaghuna pamoja nao, na ungefumba macho usingejua yuko wapi.

Nikanyoosha kidole, nikaizima maikrofoni yake, nikageuza sikio la kulia.